Pua ya Mtunza Stoo

Chupa ya mafuta ya taa ilipasuka kwenye kapu la mama mmoja, basi zima tukafungua madirisha. Mzee aliyekaa naye, mtunza stoo wa kiwanda cha rangi, aliendelea kumsimulia kazi yake kama kawaida.

"Vile vibandiko vya fuvu kwenye mapipa nilivibandua, mama. Vinatisha watu bure. Mimi nanusa tu. Dawa ikinichoma pua, naiweka rafu nyekundu, haishikwi bila glavu. Isiponuka, rafu ya kijani, mikono mitupu. Mwaka wa ishirini huu."

"Na kwenye nyekundu zimebaki ngapi?"

"Hata moja," alisema kwa fahari. "Siku hizi wananunua dawa za kistaarabu."

Mama alitazama kitambaa nilichojizibia pua, kisha pua ya mzee, iliyotulia kama ya mtoto aliyelala.

"Mzee wangu, humu ndani unasikia harufu gani?"

Alivuta pumzi ndefu. "Sisikii kitu. Kwani madirisha mmefungulia nini?"



"Mdogo wangu anaosha matangi hapo kwenu," mama alisema polepole. "Vidole vinambanduka ngozi, sisi tukalaumu sabuni. Kesho rudisha vibandiko, na umwombe radhi."

Basi lilisimama. Mzee alinyanyuka, akakung'uta suruali.

"Vibandiko nilishavichoma moto. Na radhi siombi. Pua hii haijawahi kukosea."