Verna Stuckey Anastaafu kwa Mara ya Tatu

Baada ya miaka thelathini na minne ya kuuza fataki katika duka la Haverkamp hapa Millard Junction, Missouri, Bi Verna Stuckey anastaafu rasmi tarehe 6 Julai 2024. Wasomaji wa jarida letu la dukani, Utambi, wenye kumbukumbu nzuri watauliza: si alistaafu 2020? Na ile pai ya kumuaga tuliyokula 2022 ilikuwa ya nini? Wana haki ya kuuliza. Huu ni wasifu wa tatu ninaomwandikia mama huyu. Zile mbili za kwanza bado ziko kwenye droo yangu, na sifa zote nzuri nilizokuwa nazo nilizimalizia humo. Safari hii atavumilia ukweli.

Verna aliingia dukani mwaka 1990 akitafuta kibarua cha kuelekea Nne ya Julai, sikukuu ya uhuru ambapo nchi nzima hurusha fataki, apate hela ya matairi ya gari. Mzee Haverkamp, baba yake bosi wetu Russ, alimweka kwenye kaunta kwa sababu ya sauti. Mpaka leo Verna akiita mteja anayefuata, kuna madereva kule barabara kuu wanaopunguza mwendo. Matairi yalinunuliwa, yakaisha, yakanunuliwa mengine, na Verna akawa bado yuko.

Wafanyakazi wapya wote wamepita mikononi mwake. Amewafundisha kutovuta sigara mahali ambapo duka linaonekana. Amewafundisha kutomuuliza mteja wa Illinois kwa nini ameegesha gari nyuma ya ghala, maana huko ng'ambo ya mto fataki ni marufuku na watu wanakuja kwetu kwa aibu kidogo na pesa nyingi. Zaidi ya yote amewafundisha kukitazama kibao.

Kibao hicho ni ubao mwekundu uliokuwa juu ya kaunta tangu enzi za mzee: NUNUA MOJA, CHUKUA MOJA BURE. Kila duka la fataki katika nchi hii lina kibao cha namna hiyo, na kila mnunuzi anajua kwamba bei iliyobandikwa kwenye boksi imezidishwa mara mbili ili "bure" ipatikane. Hakuna anayedanganywa na wote tunafurahi. Lakini mgeni alipopiga mluzi wa mshtuko mbele ya bei, Verna alimgeukia kwa upole wa mwalimu wa chekechea. "Usiseme themanini, mpenzi. Unalipa themanini, unaondoka na mbili. Kwa hiyo moja ni shilingapi?" Na mtu mzima na ndevu zake angejibu, "Dola arobaini, mama."

Boksi lenyewe la dola arobaini, lililompa Verna jina katika wilaya tatu, ni Mama Mkwe. Ni boksi la mirija mingi lenye utambi mmoja. Unawasha mara moja, unakimbia, nalo linaongea peke yake kwa dakika nzima bila kukupa nafasi ya kujibu, na ukidhani limemaliza, linaongeza. Hakuna Nne ya Julai hapa kwetu bila Mama Mkwe. Mteja wake mkubwa ni Clete Boatwright, dereva mstaafu wa basi la shule, anayewarushia majirani onyesho zima kwenye shamba lake la soya na ambaye huanza kulipanga theluji ikiwa bado chini.

Sasa tuingie kwenye habari ya korona, maana hapo ndipo kustaafu kwa Verna kulipoharibikia.

Alipangiwa kuondoka baada ya Nne ya Julai 2020. Mumewe Delbert, fundi mabomba, alikuwa ameshafunga karakana yake na kununua trela la kulala, akaliegesha uani likiwa limeelekea barabarani. Walitaka kuizunguka nchi hii kabla magoti ya Delbert hayajakataa kabisa. Daktari alishamwambia kwamba miaka ya kuendesha gari refu iliyobaki si ya kuchezea. Hilo kila mtu hapa dukani alilijua, na Verna kuliko wote.

Aprili ile Russ alikata nusu ya oda yake. "Nani atanunua fataki watu wakiwa wamejifungia ndani?" alituuliza, barakoa ikiwa kidevuni.

"Haohao waliojifungia ndani," Verna akamjibu. "Russ, usikate."

Russ akakata. Kisha miji ikafuta maonyesho yake ya fataki, mmoja baada ya mwingine, na besiboli hakuna, na serikali ikamtumia kila mtu hundi ya msaada wa korona. Mwezi Juni foleni ilitoka mlangoni ikazunguka ghala. Walikuja watu ambao hawajawahi kuwasha hata kiberiti cha jiko, wakauliza Mama Mkwe huwekwa upande gani juu. Mmoja aliuliza kama anafaa kuwashiwa sebuleni, na Verna akamuuzia vijiti vya cheche vya watoto, akamkatalia mengine yote. Siku tatu kabla ya sikukuu tulikuwa tumebakiwa na rafu tupu na paka wa ghalani. Clete alisimama katikati ya duka amevua kofia, kama aliyekuja kutoa pole.

Huwezi kustaafu ukaacha duka tupu, Verna alisema. Atangoja makontena ya msimu ujao yafike, awapange wapya, ndipo aende. Pai tukaila. Delbert naye akala kipande, akaenda nyumbani kulifunika trela.

Makontena hayakufika. Majira ya kuchipua ya 2021 mzigo wetu ulikuwa umekaa kwenye meli nje ya bandari huko California, meli zikiwa zimejipanga foleni kama wateja wetu, na nauli ya kontena moja ilikuwa imepanda hadi Russ akawa anaitaja kwa kunong'ona. Yalipokuja machache, Russ alifanya hesabu zake ofisini, akatoka na ngazi, akakishusha kibao.

Ndivyo Mama Mkwe alivyopanda bei. Hatukubadilisha hata karatasi moja. Russ aliwaambia wateja, na uso wake hauna hata chembe ya haya, kwamba bei haijaguswa: boksi lilisema themanini kabla ya korona na bado linasema themanini. Ni kweli tupu, na sijawahi kuona kweli iliyowakera watu kiasi kile.

Clete alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Alitazama juu ya kaunta, akaona misumari miwili na alama ya mahali kibao kilipokuwa.

"Verna," akasema, "umeanza wizi lini?"

"Si mimi, Clete. Ni meli."

"Meli haijanihudumia mimi hapa. Umenihudumia wewe. Miaka yote umeniambia arobaini."

Delbert mwenyewe alikuwepo, amekuja kumletea mkewe chakula cha mchana. Verna alikuwa mwekundu mpaka masikioni, kwa sababu alijua Clete ana haki. Akapiga kaunta kwa kiganja. "Basi nisikieni wote. Mimi siondoki nyuma ya kaunta hii mpaka Mama Mkwe arudi dola arobaini. Mkiniona nimeondoka kabla, niiteni mwizi."

Watu wakapiga makofi. Delbert hakupiga. Aliweka mkate wenye nyama kwenye kaunta, akauliza kwa sauti ya chini, "Na trela?"

"Bei zitashuka, Delbert. Ni suala la miezi."

Mwaka ule Clete alilipunguza onyesho lake likawa robo ya lile la zamani, na nusu ya hiyo robo ilikuwa ni Clete mwenyewe akitembea gizani na tochi. Majirani walipiga honi kwa heshima.

Mwaka 2022 nauli za meli zilishuka. Nikaandika wasifu wa pili, pai ya pili ikaokwa, nasi tukangoja kibao. Wapi. Bei ilikuwa imepanda kama paka juu ya mti, na yeyote mwenye ngazi alikuwa anaona raha kumtazama huko huko juu. Russ alisema mishahara imepanda. Mwaka uliofuata akasema bima. Nadhani angesema mwezi mpevu kama tungemruhusu. Verna alimsema kila asubuhi kwa hiyo sauti yake, Russ akajifunza kuingilia mlango wa nyuma, pamoja na watu wa Illinois.

Nasi tuliofanya naye kazi tuliona jambo jingine, na nitalisema. Kiapo kilikuwa kimeanza kumfaa. Kila Delbert alipotaja safari, Verna alitaja bei. Mama huyu ameongea na watu siku nzima kwa miaka thelathini na minne, na alikuwa anaogopa ukimya wa ndani ya trela kuliko Delbert anavyoogopa kishindo. Na Delbert anaogopa sana. Puto likipasuka yeye yuko bafuni. Katika ndoa yao yote hajawahi kununua hata fataki moja.

Kwa hiyo Jumamosi iliyotangulia Nne ya Julai mwaka huu, Verna aliporudi kutoka kula na kumkuta mumewe ameshika nafasi ya kwanza kwenye foleni, alijua kuna namna. Wateja nyuma yake walikuwa wanatazama viatu vyao. Clete alikuwa anatazama dari.

"Umepotea?" Verna akamuuliza.

"Nipe Mama Mkwe."

"Wa nini? Wewe?"

"Mimi ni mteja. Mhudumie mteja."

Verna akamshushia boksi. "Themanini."

Delbert akahesabu themanini, akaziweka, lakini hakuondoka. "Na la pili," akasema.

"La pili gani?"

Akanyoosha kidole juu ya kichwa cha mkewe. Verna akageuka. Kibao kilikuwa kwenye misumari yake, kimefutwa vumbi. Kitambaa ni changu, ngazi aliishika Clete, na aliyekuwa amembembeleza Russ ofisini asubuhi nzima, magoti yake yakiuma kwenye kile kiti kibovu, ni Delbert. Walikubaliana kibao kipandishwe kwa mauzo ya mtu mmoja, kisha kishushwe.

Verna alikisoma polepole, kama hajawahi kukiona. "Russ," akaita bila kugeuka. "Hiki ni cha nani?"

Russ alitoa kichwa ofisini. "Ni cha Delbert tu, Verna. Ili kiapo chako kiishe."

"Mimi sikumwapia Delbert. Niliwaapia hawa." Akaigeukia foleni, ambayo ilikuwa imefika nje kwenye magari. "Kikiwa cha Delbert peke yake, kishushe, mimi niendelee na kazi. Kikiwa cha wote, niambie sasa hivi, kwa sauti, wakusikie."

Sijawahi kumhurumia bosi wangu, lakini pale nilikaribia. Alimtazama Clete, akaitazama foleni, akamtazama mzee aliyesimama kwa magoti mabovu na dola themanini mbele yake.

"Cha wote," akasema. "Mpaka Nne ya Julai."

"Sijasikia."

"Cha wote, Verna!"

Hapo Verna akamgeukia mumewe. Alishusha boksi la pili, akalipanga juu ya la kwanza, na macho yake yalikuwa yamejaa maji. Lakini kazi ni kazi. "Umelipa themanini, mpenzi, unaondoka na mbili. Kwa hiyo moja ni shilingapi?"

"Dola arobaini, mama," Delbert akasema. "Twende nyumbani."

Alimaliza zamu. Aliwahudumia wote, akamwita kila mmoja kwa ile sauti, na rafu ya Mama Mkwe ilipokuwa tupu ndipo akavua aproni. Maboksi mawili ya Delbert aliyarusha Clete shambani kwake Alhamisi, Nne ya Julai yenyewe, mwisho wa onyesho lililorudia urefu wake wa zamani. La kwanza lilipoanza kuongea, Delbert alikuwa ndani ya trela amefunga madirisha, taulo masikioni. La pili alilitazama nje, ameshika mkono wa mkewe, macho ameyafumba.

Wanaelekea magharibi. Verna anataka kufika California akazione zile meli uso kwa uso. Uani kwao, mahali trela liliposimama miaka minne, nyasi ni za manjano.

Verna, asante kwa sauti, kwa ukali, na kwa kutuhesabia wote arobaini. Duka limeshaanza kuwa kimya na hatupendi. Nakala yako ya jarida hili nimempa Delbert, naye ameahidi kutokuonesha mpaka mmevuka Kansas yote. Tunakutakia barabara nyoofu, magoti mazima upande wa dereva, na majirani wapenda maongezi kila mtakapoegesha. Kama unasoma hapa, mko mbali vya kutosha, basi nikwambie: Russ alikishusha kibao Ijumaa asubuhi. Mama Mkwe ni themanini. Usithubutu kurudi.