Chumvi ya Odilia Ndelilio

Marehemu Odilia Ndelilio alizaliwa hapa Kirua Vunjo tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili wa Mzee Ndelilio na Mama Magdalena. Alisoma shule ya msingi hapa hapa kijijini, kisha akaenda Dar es Salaam kusomea upimaji wa maji, akahitimu mwaka 1973.

Mwaka 1977 alifunga ndoa na Mwalimu Vedastus, wakajaliwa watoto wawili, Herieth na Ronald. Alifanya kazi katika maabara ya maji mjini Moshi hadi 1996, alipopunguzwa kazini pamoja na wenzake kumi na mmoja. Barua ilimshukuru kwa mistari miwili.

Aliporudi nyumbani alikuta makubwa. Ghala la pembejeo lilipofungwa mwaka 1994, dawa za kahawa zilizokwisha muda zilifukiwa kwenye shimo, juu ya chemchemi yetu. Aliyeruhusu ni mwenyekiti wa kijiji, kaka yake Emilian, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya.

Odilia alichukua kiinua mgongo chake akanunua magunia sita ya chumvi, akaiyeyusha na kuimimina kwenye ufa wa mwamba kando ya shimo. Watu walicheka. "Mama Herieth, huo mtori utaiva lini?" Siku ya nne kipimo chake kiliikuta chumvi chemchemini. Miezi mitano baadaye ilikuwa bado inatoka. Mkutanoni akaeleza kwamba maji hukimbia kwenye nyufa, lakini kilichoyeyuka ndani yake, iwe chumvi au dawa, hupenya vitundu vya jiwe, kikakaa humo, kisha kikarudi kidogo kidogo.

"Mwamba huchuja, Odilia," kaka yake alimjibu. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Kaka, mwamba huu hauchuji, unaweka akiba. Kila mwaka mnaochelewa kufukua, mnaiongeza."

Shimo halikufukuliwa. Ni aibu, na mbele ya jeneza hili isipewe jina jingine.

Mwaka 2001 alianza kuugua figo. Kijijini walinong'ona kuwa ni maji, yeye akatukataza: "Hilo sikulipima, msiliseme." Alifariki tarehe 9 Juni 2003 hospitalini mjini Moshi, akiwa na miaka 52. Maji ya kupikia leo yameletwa kwa gari kutoka mjini, kama alivyoagiza.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu wanne na kaka mmoja. Shimo litafukuliwa wiki ijayo, baada ya miaka tisa. Wajukuu wake watakuwa watu wazima, na mwamba utakuwa bado unatoa tulichouwekea. Bwana ampe raha, maana sisi hatukumpa.