Kitabu Nilichokisifu Kabla ya Kukikata

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Ni mimi, Hebert Larrosa. Leo hakuna wimbo wa kufungulia. Nimemwomba fundi mitambo auache, maana nikianza na wimbo nitapata pa kujificha.

Eleuterio Bentancor amefariki dunia. Amefariki Jumapili, nyumbani kwake hapa Montevideo, akiwa na miaka themanini na miwili. Tulimzika Jumanne. Aliandika vitabu sita vidogo, na vyote vilihusu jambo moja: watu wanaosoma, na watu wanaojifanya wamesoma.

Mmoja wa kundi la pili ndiye anayesema nanyi sasa.

Kwa miaka arobaini Mzee Eleuterio alijalidi vitabu vya wengine kwenye kiwanda cha uchapaji karibu na bandari. Vyake alivichapa mwenyewe, nakala mia mbili kwa kila kitabu, na hakuvikata. Wazee mnaikumbuka desturi hiyo. Karatasi kubwa inakunjwa, inashonwa, kingo zinabaki zimeshikana, na msomaji anazipasua mwenyewe kwa kisu kadiri anavyosoma. Wachapaji wote waliiacha. Yeye aligoma. "Kikikatwa kiwandani," alisema, "kitajuaje nani amekisoma?"

Halafu alikuwa anawafuata watu majumbani. Anafika na chupa ya maji moto kwapani na kibuyu cha mate, ile chai yetu ya majani, mkononi, anasalimia, anaulizia watoto, huku anasogea kabatini polepole kama paka anayenyemelea samaki. Anakichomoa kitabu chake. Anatazama kisu kiliishia wapi. Anaandika kwenye kidaftari. Wakili mmoja, mtu wa heshima zake, aliishia ukurasa wa kumi, akajitetea kwamba kisu kilipotea. "Kwa miaka minne mlikula nyama kwa meno tu?" Mzee akamuuliza. Lakini mwenye duka la dawa alifika mwisho, na ukurasa wa thelathini na moja ulikuwa na jemu ya maziwa, kwa sababu alikatia kisu cha mezani. Mzee Eleuterio alifurahi wiki nzima. "Huyu hakuniacha hata wakati wa chai," alisema.

Ziara hizo ndizo zilizozaa kitabu chake cha sita, *Kisu Kiliishia Wapi*. Aliniletea nakala mwezi wa pili, kwa posta, yenye sahihi yake. Nilikata hadi ukurasa wa nane. Simu ikalia. Sikukirudia.

Mwezi wa tatu nikamwalika hapa studio. Alikaa kiti hicho kilicho mbele yangu. Kitabu kilikuwa mezani kati yetu. Nami, wasikilizaji wapendwa, nilisema maneno ambayo wengi wenu mliyasikia: "Mzee Eleuterio, kitabu hiki nimekisoma chote. Na ule ukurasa wa mwisho, nakwambia kweli, ulinitoa machozi."

Alinyoosha mkono, akakichukua. Wakati huo macho yake yalikuwa yamefifia, ila hakuhitaji macho. Alipitisha kidole gumba ukingoni. Kidole kikateleza kidogo, kikakwama. Niliona kilipokwama. Nikahisi masikio yangu yanawaka.

Angeweza kuniumbua mbele ya nchi nzima. Badala yake aliisogelea mikrofoni, akasema taratibu, "Asante, Hebert. Mimi ukurasa ule ulinitoa jasho."

Tulipomaliza nilimsindikiza mlangoni. "Nyumbani una kisu?" akaniuliza.

"Ninacho, mzee."

"Kitumie basi. Usikiogope." Akanipiga bega, akaondoka akipapasa ukuta.

Nilijiambia nitakikata mwisho wa wiki. Kisha nikajiambia baada ya Pasaka. Kisha nikakihamishia rafu ya juu, kisinitazame.

Jumatatu hii, asubuhi, nilipokuwa naandaa kipindi hiki, nilitaka kuwasomea ule ukurasa wa mwisho uliosifika. Nikachukua kisu cha mkate pale jikoni kwetu kazini, nikaanza kukata. Kati ya ukurasa wa arobaini na nane na wa arobaini na tisa ikaanguka barua. Aliipenyeza kwa chini, ndani ya mkunjo ambao haujakatwa. Ina tarehe ya mwezi wa pili. Nawasomea.

"Hebert, macho yangu yanakwisha. Nina masanduku ya viatu kumi na moja, yamejaa karatasi za kitabu cha saba. Siwezi tena kuzisoma, na nisipozisikia siwezi kuzipanga. Dada yangu Nelba macho yake ni mabovu kuliko yangu. Sauti yako naisikiliza kila asubuhi. Njoo Alhamisi saa kumi jioni, kila Alhamisi utakayoweza. Kama umefika ukurasa huu, wewe ndiye ninayemtaka."

Sasa ni mwezi wa nane. Sikwenda hata Alhamisi moja.

Nikaendelea kukata hadi mwisho. Mnataka kujua ule ukurasa ulionitoa machozi? Ni orodha ya makosa ya uchapaji. Ukurasa wa kumi na mbili, mstari wa tatu, pasomeke hivi. Ukurasa wa ishirini, mstari wa saba, pasomeke vile. Basi. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu iliachwa ndefu kwa huruma ya mzee.

Jana, Alhamisi, nilikwenda. Bi Nelba alinifungulia, akanionyesha pa kukaa. Akatia maji kwenye mate, akanywa, akatia tena, akanywa. Hakunipitishia. Hapa kwetu hata anayekuja kusoma mita ya umeme hupitishiwa kibuyu.

"Nilimwambia akupigie simu," alisema. "Akakataa. Akasema, 'Nikimwambia kwa mdomo atakuja kwa kuona haya. Nataka aje kwa kusoma.' Kila Alhamisi alivaa shati safi. Nikimwambia, 'Eleuterio, huyo haji,' ananijibu, 'Nelba, kitabu ni kirefu, mwache asome polepole.'"

"Bi Nelba, nitakuja. Nitasoma masanduku yote kumi na moja."

"Umsomee nani, mwanangu? Aliyejua karatasi ipi inatangulia ndiye tuliyemzika Jumanne."

Nikainuka kuaga.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki natoa pole kwa Bi Nelba Bentancor, kwa majirani zake, na kwa wafanyakazi wenzake wa zamani kiwandani. Nanyi nawaomba kitu kimoja. Pengine yupo mtu uliyemwambia umemsoma, na hujamsoma. Kama bado anapumua, kikate kitabu chake leo. Kisha nenda ukagonge mlango wake.

Bi Nelba, najua redio yako imewashwa. Jana uliponifungulia mlango nitoke, uliniambia, "Usithubutu kusema alikuwa rafiki yako. Sema ulichofanya." Nimesema. Kaka yako alinisubiri miezi sita. Mimi nilikuwa naona vizuri kabisa, na sikumsoma.