Aliyeing'oa Mibiringanya Yake

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Bi Kwanini, alizaliwa tarehe 9 Machi 1971, kitinda mimba wa fundi cherehani na mkunga. Jina hilo alipewa na shangazi yake aliyemlea, maana alianza kuhoji watu meno hayajamtimia kinywani.

Alisoma shule ya msingi nyuma ya kituo cha polisi, kisha sekondari ya bweni. Mwaka 1995 alihitimu chuo kikuu katika kilimo, akaendelea hadi udaktari. Si udaktari wa watu, ingawa jirani mmoja hakuacha kumletea goti lake alitazame.

Tarehe 14 Novemba 1998 aliolewa na fundi umeme aliyekwenda kutengeneza feni ya maabara. Feni yenyewe, mume amekiri, haikuwa mbovu kiasi hicho.

Alifanya kazi kituo cha utafiti wa mboga. Mnyauko ulikuwa ukiwamaliza wakulima wa biringanya: jioni mche mzima, asubuhi umelala. Yeye aliingia ndani kabisa ya mmea, akakata kijisehemu cha jeni kinachoufungulia ugonjwa mlango. Kisha aliinywesha miche maji yenye vijidudu vya mnyauko, akasubiri.

Mwaka 2016 miche ilisimama. Shangazi akatangaza mtaa mzima. Lakini marehemu alipopima tena, akakuta mkato umegusa na mahali pasipokusudiwa. Akaing'oa miche yote, akaichoma.

Shangazi alimjia juu. "We mtoto, umetuvua nguo! Nani angejua?"

"Mimi, shangazi."

"Na mimi niliyetangaza?"

"Ungeniuliza kwanza."

Miaka iliyofuata aliitumia kuunoa mkato huo, uguse palepale tu.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Asubuhi alisafishwa damu, mchana yuko kwenye miche, na kumkataza ilikuwa kupoteza mate. Wiki ya mwisho msaidizi wake wa maabara alifika wodini.

"Mama, imesimama."

"Na mkato?"

"Mmoja tu."

"Nani kapima?"

"Mimi na mwenzangu, kila mtu kivyake."

"Basi wapelekeeni vituo vingine mbegu. Waambieni wajitahidi kuiua miche itakayoota."

Alifariki tarehe 3 Juni 2024, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, mabinti wawili, kaka mmoja na shangazi. Mbegu zimeshasafirishwa.

Alale kwa amani, kazi ameikabidhi.