Mama Pamba wa Chumba Namba Tatu

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, Mama Pamba anavua koti jeupe alilolivaa miaka thelathini na minne katika kituo chetu cha kupima damu. Wenye elimu walitaka kuandika habari zake wao. Nikakataa. Hapa hakuna anayemjua kunishinda mimi mbeba sanduku la sampuli, na hati yangu mbaya mtaivumilia.

Alianza mwaka uleule ilipotoka sheria kwamba kila mtoto akifika miaka sita apimwe kama ana damu ya nguvu, ile ya kuinua gari kwa mkono mmoja au kuona nyuma ya ukuta. Karatasi ya maabara ikirudi na muhuri wa buluu, mtoto anapelekwa Makao, harudi mpaka awe mtu mzima. Ndiyo maana hatupendwi. Mimi sokoni nilishanyimwa hata salamu. Yeye walimsalimia, hata wale waliolizwa na karatasi zake.

Sababu ni mkono wake. Akikuchoma hujui umechomwa saa ngapi. Humpa mtoto pamba aishike, akamwuliza jina la paka wa kwao, na mtoto akiwa bado anafikiri, damu iko chupani. Jibu la buluu hakulisoma mbele ya foleni kama kanuni ilivyotaka. Alimwita mzazi ndani, akamkalisha, akafunga mlango. Aliandikiwa barua tatu za onyo kwa mlango huo. Mwisho wake kanuni ndiyo iliyobadilishwa.

Mwezi wa tatu mwaka huu ikawa zamu ya mjukuu wake, yatima wa binti yake, ambaye hana mtu mwingine duniani. Mama Pamba alikuwa ameshaniambia kwamba mtoto akikasirika, sufuria za nyumbani zinasogea zenyewe. Nilipokuja kuchukua sanduku la sampuli nikamkuta bado ameishika chupa ya mjukuu. Nikamwambia ngazi zina maji leo, mzee kama mimi anaweza kuteleza, chupa zikavunjika, na mambo yakaisha.

“Humo mna watoto arobaini,” akasema. “Wote warudi kuchomwa kwa ajili ya wangu? Beba, kaka.”

Nikabeba. Miaka thelathini na moja sijaangusha sanduku hata moja, wala hakuna mwenzangu wa kusema hivyo, lakini lile lilinishinda uzito. Mkubwa akisoma hapa na anifukuze, nimebakiza miezi minne.

Muhuri ulirudi wa buluu. Mama Pamba alisimama na karatasi katikati ya chumba namba tatu. Nikaingia bila hodi, nikamvutia kiti.

Kesho yake aliandika barua ya kustaafu, miaka miwili kabla ya wakati. Makao wanaruhusu mlezi mmoja afuatane na mtoto, mradi asiwe mtumishi wa serikali wala asiwe na watoto wengine wa kulea. Kipengele hicho amewasomea wazazi miaka nenda rudi, na kila mmoja alikuwa na la kumzuia.

Dada yetu, ahsante kwa kila mtoto uliyemshika mkono, na wale waliokwenda hasa. Tunakuombea afya na usingizi mzuri huko uendako. Gari la Makao linakuja Jumatatu saa nne. Nimelipakia masanduku ya watoto miaka yote hii, nimewafungia mlango wake kwa mikono yangu. Huyu ni wa kwanza kupanda na mtu wake.