Dkt. Bernadina Nkwabi (1963–2025), Aliyewajua Wachimbaji kwa Majina ya Shimoni

Dkt. Bernadina Nkwabi, tunayemsindikiza leo hapa Tinde, alizaliwa tarehe 14 Machi 1963 katika mji huu huu, mtoto wa nne wa Mzee Nkwabi na Mama Paskazia, wakulima wa pamba na wafugaji. Wadogo zake wawili walifariki kwa surua katika juma moja, yeye akiwa na miaka tisa. Hakupenda kulizungumzia.

Alisoma shule ya msingi Tinde, sekondari Tabora, kisha udaktari Dar es Salaam, alikohitimu mwaka 1991. Mwaka 2002 alirudi darasani akabobea katika magonjwa ya kuambukiza. Baba yake aliwaambia majirani kwamba binti yake amesomea kikohozi miaka yote hiyo na bado hajamaliza.

Tarehe 7 Agosti 1993 alifunga ndoa na Bw. Marcel Boaz, mtumishi wa reli Isaka. Wageni walipomuulizia mkewe, Bw. Marcel alijibu, "Mimi nimeoa nusu. Nusu nyingine iko maduarani."

Ni kweli. Kuanzia 2005 alisimamia kliniki ya kifua kikuu kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu Geita. Mwaka huo wa kwanza alikosea, na mwenyewe hakutaka kosa hilo lifichwe. Kijana mmoja alitoa makohozi yapimwe, akaandikwa kwa jina la ubatizo, Luka Charles. Majibu yalipotoka, daktari alizunguka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, siku tatu akimuulizia. Hakuna aliyemjua. Siku ya nne mama muuza chai akamwambia, "Mayu, huyo Luka wako si ndiye Tindikali? Tumemzika jana."

Wakati akitafutwa, kijana alikuwa amelala mgonjwa chini ya turubai, hatua ishirini kutoka pale daktari aliposimama akiuliza. Kule, mtu akishuka shimoni mara ya kwanza hupewa jina jipya, na lile la kwao hubaki juu.

Tangu siku hiyo kila mgonjwa aliulizwa kwanza, "Shimoni wanakuitaje?"

"Mzee Hasara," alijibu mmoja, ambaye sasa naye ni marehemu.

"Hasara ya nani?"

"Ya mwenye duara, daktari. Mimi kazi yangu kula."

Aliliandika bila kucheka, kisha akampima. Majina hayo aliyatunza katika daftari lake, na kila aliyemaliza dozi ya miezi sita aliwekewa alama ya vema. Nyumbani hatukuwahi kumsikia akitaja jina la mgonjwa aliye hai.

Novemba 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alilazwa Mwanza, kisha akaomba arudishwe nyumbani kwake Ibadakuli. Muuguzi Noela, aliyefanya naye kazi miaka kumi na tisa, alikuja kumwona kila Jumapili, na kila Jumapili aliulizwa neno moja.

"Karudi?"

"Bado, dada."

Katika daftari lilibaki jina moja lisilo na alama, la mchimbaji aliyekatisha dozi ikiwa imebaki miezi miwili. Jumapili ya mwisho aliongeza, "Akija msimgombeze. Mkimgombeza, hatarudi tena."

Alifariki Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa kumi na mbili asubuhi, zikiwa zimebaki siku tatu atimize miaka sitini na miwili.

Jina hilo halisomwi hapa, kwa kuwa majina ya wagonjwa walio hai hakuyatoa nje ya kliniki. Lakini huenda mwenyewe yumo kati yetu. Kama yumo, ajue kwamba Noela yupo kliniki kila asubuhi, na hatamuuliza alikuwa wapi.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, Scolastika na Nkwabi, wajukuu watatu, na mgonjwa mmoja ambaye hajamaliza dozi.

Bwana ampumzishe kwa amani. Huyo mmoja tutamtafuta sisi.