Chungu cha Mayai ya Kenge

Mwaka ule wa kuhamia vijiji vipya, ndani ya basi la kutoka Lindi, mzee mmoja aliketi mbele yangu amepakata chungu cha mchanga wenye mayai meupe. Mama wa kando yake alimwamkia, akachungulia, akanyoosha mkono kuligeuza moja.

“Usiguse!” mzee akapiga kelele. “Yana alama za mkaa. Upande wa juu ubaki juu!”

“Niwie radhi, baba, ni mazoea. Mimi ndiye mtunza kuku wa ujamaa kijijini kwetu. Yai lisipogeuzwa linaharibika.”

“La kuku hilo! La kenge likigeuzwa linakufa. Miezi sita nayanyunyizia maji. Mama yao nimemfuga uani. Nikimwita Bibi Harusi, anakuja.”

Abiria waliokuwa wamebanana nao waligundua ghafla kwamba nyuma kuna nafasi tele. Mama hakuondoka, maana yai moja lilikuwa limechanika na kichwa chenye madoa ya njano kinachomoza.

“Jamani, ananiangalia! Na ulimi huo! Karibu, mwanangu!” Alipiga makofi. Mzee machozi yalimlengalenga. “Wa kwanza huyo! Walinicheka, wakasema hayataanguliwa!”

“Na akikua anakula nini?”

Mzee akatazama dirishani. “Panzi. Na panya.” Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, akaongeza, “Na mayai. Hata kuku, akimpata.”

Makofi yakakoma. “Baba, unahamia kijiji gani?”

Basi likasimama. Kondakta akaita, “Miteja!”

Wote wawili wakainuka.